Mwongozo kamili wa kuijua na kuifurahia bourbon (pua ya Mbongo tayari inajua nusu ya kazi)

Wakuu, haupiti mwezi sijapata meseji ya mtu wa nyumbani, "kaka si uko Kentucky, hebu nitajie bourbon kali nimtafutie bosi", na mimi kila nikianza kujibu naishia kuandika insha mpaka kidole gumba kinauma, kwahiyo leo naandika yote mara moja na atakayeuliza tena namtumia hii. Mimi mtu wa Bukoba, naishi Louisville, Kentucky, huku Marekani mwaka wa tisa huu, mji ambao ukiingia duka la vyakula vya Kiafrika Jumamosi unasikia Kiswahili cha Goma, cha Bujumbura, cha Nairobi na cha Kariakoo kwenye foleni moja ya kulipia. Sikuja hapa nikiwa mtu wa wiski. Nilikuja nikiwa mtu wa bia na rubisi (pombe ya ndizi) ya babu, wiski kwangu ilikuwa kitu cha kumwagia Coca-Cola ili usiisikie.

Kama hunywi, kwa dini au kwa afya au basi tu hutaki, hii haikuhusu wala usishawishike. Marekani chini ya miaka 21 hawakuuzii, nyumbani ni 18. Twende.

Hatua ya 1: Jua unachokunywa

Bourbon ni wiski ya mahindi. Sheria ya Marekani inataka angalau asilimia 51 ya nafaka zake iwe mahindi, na viwanda vingi vinafika 70 na kitu. Inaingia pia kimea cha shayiri kidogo, kazi yake kugeuza wanga uwe sukari ili hamira ipate cha kula. Halafu kuna nafaka ya tatu na hii ndio inatenganisha chupa na chupa, ama rai, ambayo ni nafaka jamii ya ngano yenye ukali kama wa pilipili manga, ama ngano yenyewe, ambayo inalainisha mambo. Hii ya nafaka ya tatu ishike, tutairudia.

Masharti mengine ni haya. Ikipikwa haitakiwi kutoka kwenye mtambo na kilevi zaidi ya asilimia 80, ikiingizwa kwenye pipa isizidi asilimia 62.5, na pipa lenyewe liwe jipya, la mwaloni, limechomwa ndani kwa moto mpaka likawa mkaa. Hairuhusiwi kuongezwa rangi wala ladha yoyote, na ikifungwa kwenye chupa isiwe chini ya asilimia 40. Pipa likishatumika kwa bourbon mara moja basi, halirudi tena, linauzwa Uskochi kwa wenye wiski zao au kwa watu wa ramu na bia. Mwaka 1964 Bunge la Marekani likapitisha azimio kwamba hiki ni kinywaji cha kwao, yaani ukikipika Tanzania hata ukifuata kila sharti huwezi kukiuza Marekani kwa jina la bourbon. Kinaweza kupikwa jimbo lolote la Marekani ila karibu asilimia 95 inatoka huku Kentucky, ambako watu tupo milioni 4 na nusu hivi na mapipa yaliyolala kwenye maghala yamepita milioni 14, maana yake kila mtoto mchanga anazaliwa na mapipa yake matatu na chenji.

Sasa nikwambie nilivyoelewa. Nilikuwa napiga shifti ya usiku na mzee mmoja Mmarekani mweusi ambaye ujana wake wote aliumalizia kiwanda cha pombe, Jumapili moja akanichukua akanipeleka kiwanda kidogo cha rafiki yake. Jamaa akafungua bomba, akanimwagia kiganjani kinywaji cheupe kama maji, kimetoka kwenye mtambo asubuhi ile ile. Mzee akasema sugua mikono. Nikasugua, nikanusa, spiriti tupu, macho yakanitoka machozi. Akasema sugua tena, subiri. Nikasugua mpaka mikono ikawa mikavu, nikanusa tena, na hapo ndugu zangu spiriti ilikuwa imepeperuka na kilichobaki viganjani ni harufu ya mahindi mabichi yanayochemka kwenye sufuria, jikoni kwa bibi, jioni, mvua inanyesha. Nikamwambia mzee, lakini hii ni gongo! Ikabidi nimweleze gongo ni nini, akacheka mpaka akakohoa, akaniambia huku wanaiita mbwa mweupe.

Kwahiyo usiione bourbon kama kitu cha ajabu cha Wazungu. Ni ndugu wa gongo aliyepelekwa shule, akafungiwa kwenye pipa miaka minne, sita, minane, na serikali ikawa inampima kila hatua. Hicho cha mwisho sio utani, gongo isiyopimwa na mtu imeshapofusha na kuua watu kwetu.

Hatua ya 2: Elewa pipa

Rangi yote unayoiona inatoka kwenye ule mbao, pamoja na sehemu kubwa ya ladha. Mwaloni una sukari zake ndani, moto ukipita juu zinaungua zinakuwa kama karameli, na kwenye mbao huo huo kuna vanilini, ambayo ndio kemikali kuu iliyopo kwenye vanila, ile ile tunayoilima Kagera chini ya migomba. Sijatia chumvi, nilivyonusa glasi yangu ya kwanza bila soda nilikumbuka magunia ya vanila ya shangazi kabla sijakumbuka pombe yoyote.

Huku kiangazi joto linapita nyuzi 30 na baridi ikija inashuka chini ya sifuri. Joto linaisukuma pombe iingie ndani ya mbao, baridi inaivuta itoke, mwaka hadi mwaka, kama mtu anayepumua. Wakati huo huo nyingine inapeperuka, asilimia 3 mpaka 5 hivi kila mwaka, wanaiita mgao wa malaika. Ukipita karibu na maghala utaona miti na kuta za nyumba za jirani zimekuwa nyeusi kama zimepakwa masizi, ni kuvu fulani anayeishi kwa huo mvuke, na wenye nyumba wameshafikishana mahakamani na viwanda kwa ajili yake. Ghala lenyewe lina ghorofa kama saba, mapipa ya juu yanapikwa na joto na yanakuwa makali yenye mbao nyingi, ya chini yanakuwa mapole, kwahiyo pombe moja iliyopikwa siku moja inaweza kutoka mbili tofauti kabisa.

Ndio maana usidanganyike na umri. Wiski ya Uskochi ya miaka 18 ni kitu cha heshima kwa sababu kule ni baridi na pipa limeshatumika, bourbon ya miaka 18 inaweza kuwa kama umelamba mlango. Kwa ulimi wangu raha yake iko kati ya miaka 5 na 10.

Hatua ya 3: Ifundishe pua kwa vitu vya jikoni kwako

Hii ndio hatua ambayo watu wote wanairuka na ndio ya maana kuliko zote. Ukisoma maelezo ya wajuzi utakuta maneno ya keki na matunda ya kwao ambayo hujawahi kuyaona, unanusa hupati kitu, unahisi wewe ni mshamba. Sio ushamba, mwenzio anakutajia jikoni kwa mama yake. Wewe tumia kwa mama yako.

Kabla hujafungua chupa, panga mezani vitu hivi kwenye vikombe: sukari guru, karafuu, mdalasini, pilipili manga iliyotwangwa, karanga zilizokaangwa, tende, ganda la chungwa, ndizi iliyoiva mpaka ina madoa, muhindi wa kuchoma kama upo, na kipande cha mbao kipya kutoka kwa fundi seremala. Vanila ukiipata ongeza. Nusa kimoja kimoja, funga macho, rudia. Dakika kumi zinatosha. Ukishamaliza ndio unusie glasi, na badala ya kujiuliza hii inanukia nini, maana swali hilo ni gumu hata kwa mzoefu, jiulize kati ya vikombe hivi kumi inakaribiana na kipi. Utashangaa. Rai inakupeleka kwenye karafuu na pilipili manga moja kwa moja, ya ngano inakupeleka kwenye mkate na sukari guru, na yoyote iliyokaa miaka mingi inaanza kunukia karakana ya seremala na ngozi ya mkoba mpya.

Ndizi usiidharau. Hamira ikila sukari inazalisha ile ile harufu ya ndizi mbivu, Jack Daniel's wanajulikana kwayo, Old Forester pia unaipata vizuri. Mhaya yeyote aliyewahi kukaa karibu na mtumbwi wa rubisi ataikamata kabla Mmarekani hajamaliza kuzungusha glasi. Tunasemwa kwa kujisifu, sasa hili ni kweli bana.

Na kwa kuwa nimemtaja Jack Daniel's, nimalize ubishi wa baa, kama nayo ni bourbon au la. Ile ni ya Tennessee, kabla ya pipa wanaichuja kwenye mkaa wa mti wa mepo (maple), na wenyewe hawaiiti bourbon ingawa masharti karibu yote inayatimiza. Aliyemfundisha Jack Daniel kupika alikuwa mtu mweusi, mtumwa, Nathan Green, wakimwita Nearest, na ilikuwa mpaka 2016 ndio kampuni ikaanza kumtangaza waziwazi.

Hatua ya 4: Soma lebo kama unavyosoma mkataba

Sura ya chupa haina maana, zingatia maandishi.

Ukiona "Straight" ujue imekaa kwenye pipa si chini ya miaka miwili, na kama iko chini ya minne lazima waandike umri, yaani straight isiyo na umri ina miaka minne au zaidi. Umri ukiandikwa ni wa ile changa kuliko zote ndani ya chupa, sio wastani.

"Bottled in Bond" hii ipende. Ni sheria ya mwaka 1897, enzi ambazo wauzaji walikuwa wanachanganya pombe na vitu vya ajabu, serikali ikasema anayetaka muhuri huu basi pombe yake iwe imepikwa kiwanda kimoja, msimu mmoja, ikakaa miaka minne au zaidi kwenye ghala linalosimamiwa na serikali, na ikafungwa kwenye chupa kwa asilimia 50 kamili. Mpaka leo masharti hayo yapo, na chupa nyingi za namna hii ni za bei ya kawaida. Kwangu mimi ndio dili kubwa kuliko zote dukani.

"Small Batch" haina maana yoyote kisheria, kila mtu anaipima anavyotaka. "Single Barrel" ni ya pipa moja, kwahiyo ukiipenda na ukarudi kununua nyingine inaweza isifanane, usimlaumu muuzaji. "Barrel Proof" haijaongezwa maji au imeongezwa kiduchu sana, inaweza kupita asilimia 60, hii sio ya kuanzia. Prufu yenyewe ni asilimia mara mbili, ukiona 101 ujue ni 50.5.

Kitu cha mwisho, geuza chupa usome nyuma wamepika wapi. Majina mengi yenye farasi na babu mwenye ndevu hayana hata mtambo, wananunua kutoka kiwanda kimoja kikubwa kule Lawrenceburg, Indiana, wanabandika lebo yao. Sio vibaya, mara nyingi ni wiski nzuri tu, ila usilipie hadithi ya babu. (Kuna Lawrenceburg nyingine hapa Kentucky wanakopika Wild Turkey na Four Roses, usichanganye.)

Hatua ya 5: Nunua tatu, sio moja

Chupa moja haikufundishi kitu, unakuwa huna cha kulinganisha. Kama hela haitoshi changeni watu watatu, kila mtu yake moja, mkutane.

Mimi nashauri Maker's Mark, Bulleit na Wild Turkey 101. Sio kwamba ndio bora duniani, sababu ni kwamba hizo mbili za kwanza zote zina asilimia 45, ila Maker's nafaka yake ya tatu ni ngano wakati Bulleit ina rai asilimia 28, ambayo ni nyingi. Kilevi sawa, nafaka tofauti, kwahiyo tofauti utakayoisikia kwa kiasi kikubwa ni ya nafaka. Ya tatu inakuonyesha kilevi kikiongezeka na umri ukisogea mambo yanakuwaje. Huku hakuna hata moja inayofika dola 40, nyumbani kodi inazipandisha lakini bado ni za watu wa kawaida ukilinganisha na zile za kwenye kabati la vioo. Kama huzipati, Jim Beam nyeupe ipo karibu kila mahali, tumia hiyo pamoja na chochote cha Bottled in Bond utakachokiona, Evan Williams ya lebo nyeupe kwa mfano huku ni kama dola 20 na inawafunga midomo watu wengi.

Ukigundua wewe ni mtu wa ngano, mbele yako kuna Larceny na Weller. Mtu wa rai akaitafute Four Roses Single Barrel au Old Grand-Dad. Kama umependa zote, karibu kwenye matatizo.

Pappy Van Winkle usiniulize. Nimeiona nyuma ya kioo, bei yake ni kiwanja Kibaha.

Hatua ya 6: Kunywa polepole, kwa mpangilio huu

Glasi iwe ya tumbo pana na mdomo mwembamba, kama tulipu, inakusanya harufu. Kama huna, glasi ndogo ya mvinyo inafaa sana, ile pana ya kwenye sinema inamwaga harufu yote nje. Mimina vijiko viwili vya chakula tu, ni kama mililita 30. Acha ikae dakika tano, wewe piga stori.

Kunusa: usizamishe pua kama unanusa mchuzi. Sogeza glasi mpaka kidevuni, mdomo wazi kidogo, vuta hewa kwa pua na mdomo kwa pamoja. Ukifunga mdomo kilevi kinakupiga kwenye ubongo na pua inakufa ganzi kwa muda. Pandisha glasi taratibu mpaka ipate kitu. Jaribu pua ya kushoto peke yake, halafu ya kulia, zinaleta habari tofauti, usiniulize kwanini.

Funda la kwanza usilihukumu. Liwe dogo, lizungushe mdomoni, meza. Litaunguza, kazi yake ni kuuamsha ulimi tu. Funda la pili litafune, ndio, litafune kama ugali, sukuma huku na huku sekunde tano mpaka kumi, wenyeji wanaita kutafuna kwa Kentucky na aliyeijulisha kwa watu ni Booker Noe, mjukuu wa Jim Beam. Ukimeza toa hewa kwa puani, mdomo umefungwa, na hesabu ladha inabaki muda gani. Nyepesi inakimbia haraka, ile nzuri inakaa kifuani kama chai ya tangawizi. Wenzetu huku wanaiita kumbatio.

Baada ya hapo ndio maji. Sio dhambi. Hiyo 101 ukiweka kijiko kimoja na nusu cha chai kwenye zile mililita 30 unaishusha mpaka asilimia 40 na kitu, na harufu zilizokuwa zimejificha nyuma ya kilevi zinatoka. Ongeza kwa matone, onja, ongeza. Barafu nayo ruksa, ila ujue baridi inafunga harufu, kwahiyo onja kwanza bila barafu hata mara moja. Na glasi kubwa ya maji ya kawaida iwe pembeni muda wote, kila ukimaliza funda la wiski kunywa na la maji.

Vitafunwa: karanga, tende, chokoleti nyeusi, kashata, nyama choma yenye mafuta. Mimi nina pakiti ya senene waliokaangwa ambao mama ananitumia kila kuna mtu anakuja, senene na Bottled in Bond, naomba nisiseme zaidi.

Hatua ya 7: Fanya mtihani wa kufunga macho

Hapa ndipo nilipoaibika. Kuna duka moja niliingia miaka ile naanza, muuzaji akaniambia hii imebaki moja, kesho hutaikuta, nikatoa dola 140. Chupa nzito, kizibo cha chuma, begi la mahameli. Nikaihifadhi juu ya kabati kama kombe, mgeni akija namwonjesha kidogo namwangalia usoni.

Akaja shemeji yangu kutoka Arusha, kaka yake mke wangu, mtu wa maneno. Akasema, "Shemeji, hiyo ya juu ndio yenyewe, hizi za chini za wapagazi." Mke wangu akachoka na sifa zetu, akachukua vikombe vitatu vya chai, akavibandika namba chini kwa plasta, akamimina jikoni tusione. Shemeji akaonja, akafikiria, akaonyesha cha pili, "Hii ndio ya hela, mapema tu inajulikana." Mimi nikachagua hicho hicho. Tukageuza kikombe, ilikuwa ile ya dola 20. Ile ya 140 sote tuliiweka ya mwisho, nilipoisoma lebo vizuri baadaye nikakuta asilimia 40, umri hakuna, imepikwa kwingine. Shemeji akasema kikombe kilikuwa na harufu ya sabuni.

Ifanyeni nyumbani, ni rahisi, mtu mmoja anamimina na hasemi, wengine wanaandika kwenye karatasi kabla ya kuongea, maana mmoja akishasema "naona karafuu" wote mtaona karafuu. Andika mambo matatu tu: inafanana na kikombe gani cha jikoni, inaunguza kiasi gani, inakaa muda gani. Baada ya mara nne au tano utakuwa na daftari ambalo linakujua wewe kuliko muuzaji yeyote.

Hatua ya 8: Kuchanganya

Chukua mililita 60 za bourbon, kijiko cha chai cha sukari guru iliyoyeyushwa kwa maji ya moto, matone mawili matatu ya Angostura (maji machungu ya viungo ya kukolezea vinywaji), barafu kubwa, koroga nusu dakika, kata ganda la chungwa ulikamue juu ili mafuta yake yaruke kwenye glasi. Hiyo ndio Old Fashioned na kwa sukari guru inakuwa bora kuliko kwa sukari nyeupe, nimebishana na mhudumu wa baa mmoja hapa mpaka akaenda kununua. Tumia yenye rai na kilevi asilimia 50, nyepesi inazama kwenye sukari.

Siku ya mafua weka maji ya moto, asali, limao, tangawizi na vijiko viwili vya chakula vya bourbon. Haitibu, ila unalala. Ukiwa unameza dawa yoyote iache.

Mnanaa na sukari na barafu iliyopondwa ni Mint Julep, ya mashindano ya farasi hapa Louisville, Jumamosi ya kwanza ya Mei, na ni mara moja kwa mwaka kwa sababu zake. Soda ya cola? Kunywa, hakuna polisi, ila tumia ya bei rahisi.

Hatua ya 9: Kununua nyumbani bila kupigwa

Kwa Dar, Arusha, Nairobi na Mombasa shida kubwa ni feki. Watu wananunua chupa tupu za baa wanajaza. Angalia stempu ya kodi, Tanzania unaiskani kwa programu ya Hakiki Stempu ya TRA, Kenya KRA wana Soma Label. Angalia kizibo kama kimeshawahi kuzungushwa, lebo kama imenyooka, na bei, chupa ikiwa nusu ya bei ya maduka yote mengine basi kuna sababu. Ukifungua ikawa na harufu ya rangi ya kucha na hakuna hata chembe ya mbao wala mahindi, usimeze. Na ukimaliza chupa nzuri ichane lebo kabla hujaitupa, usiwape kazi hao jamaa.

Mkija kutembea huku, mji wa kuufikia ni Bardstown, dakika 40 hivi kwa gari kutoka Louisville, viwanda viko jirani jirani, na Loretto kwa Maker's wanakuacha uchovye chupa yako mwenyewe kwenye ile nta nyekundu ya shingoni mwa chupa zao. Dereva awe asiyekunywa. Kichekesho ni kwamba jimbo hili hili lina kaunti ambazo mpaka leo kuuza pombe ni marufuku, unaweza kukatiza mashamba ya mahindi saa nzima na usipate hata bia.

Hatua ya 10: Kuitunza

Chupa isimame, usiilaze kama mvinyo, kilevi kinakula kizibo. Iwe mbali na jua. Kwenye chupa haikui, ya miaka sita itabaki ya miaka sita hata mjukuu akiirithi. Ikishafunguliwa inaweza kukaa mwaka na zaidi, ila ikibaki chini ya theluthi hewa inaanza kuifubaza, hapo ita watu mmalize.

Halafu ile glasi ya usiku usiioshe. Iache mezani mpaka asubuhi, ikiwa kavu kabisa, kilevi chote kimeondoka, ndio uinuse kabla ya chai. Yangu ya leo ilikuwa na sukari guru na mbao, na kwa mbali kabisa muhindi wa kuchoma.